Mikono ya Dua

Mwanaharusi wa Mkange si mtu wa kunyamazia upuuzi. Jaruba lake la mpunga, pale mto unapokata kona, alilirithi kwa mama yake, na ndilo lililowalisha wanawe baada ya mumewe kufariki. Basi walipokuja wataalamu wa mpango shirikishi wa bonde, alijifunga kanga mpya, akaenda kushirikishwa.

Kushirikishwa kwenyewe kulikuwa kuketi juani na kusomewa. Mpango ulitaka kingo za mto zisilimwe tena, ati maji yanapungua. Pampu za shamba kubwa la mananasi huko juu, zinazonyonya mto kutwa kucha, hazikutajwa hata kwa bahati mbaya. Mwanaharusi alinyoosha mkono aulize. Aliunyoosha mpaka bega likamuuma, na hakuna aliyeuona. Mwishowe mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mikidadi, akaomba dua, watu wakaitikia amin, wakatawanyika na soda zao.

Juzi wataalamu wakarudi, wakamulika picha kubwa ukutani mwa ofisi ya kijiji: umati mzima, mikono juu.

“Kama mnavyoona wazee wangu,” akasema afisa, kijana mwenye ulimi laini, “mpango mliupitisha wote. Leo tunapanda bikoni za mipaka tu.”

Mwanaharusi akajitafuta pichani, akajiona. Damu ikamchemka.

“Mwanangu, hebu tazama vizuri,” akasema, tayari yuko wima. “Kura hupigwa kwa mikono miwili? Viganja juu, macho yamefumbwa? Hapo nilikuwa namwomba Mungu aninusuru na nyie.”

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na kwa kweli la kuchekesha halikuwapo. Kumnyang'anya mjane shamba ni dhuluma; kumnyang'anya kwa dua yake mwenyewe ni ufedhuli uliopita kiasi.

“Mama, ile ni picha tu,” afisa akaanza.

“Dua ile niliiomba mimi,” Mzee Mikidadi akamkatiza, uso kauinamisha kwa aibu. “Kura haikupigwa. Mpango uanze upya, na uanzie kwenye pampu.”

Bikoni zikabaki garini. Afisa, kakunja uso, kamera mkononi, akaomba kikao kifungwe kwa dua.

Hakuna mkono ulioinuka. Wote walimtazama Mwanaharusi, naye mikono yake ilikuwa ndani ya kanga.

“Kwanza kamera irudi mfukoni,” akasema.