Mtumbwi Mwepesi

Fundi akiyeyusha sandarusi kuziba ufa wa kinu, harufu yake inanirudisha mtoni Ruvuma, siku baba alipokwenda kuchagua mtumbwi uliokwishatumika. Askari wa Mdachi walikuwa wanachoma maghala upande wa Masasi, na sisi wa Newala tulitaka chombo cha kuvukia kabla hawajatufikia.

Mitumbwi ilikuwa miwili. Mama mwenye ule mkubwa alisema, "Huu mzito kama mkwe mgonjwa, lakini umevusha wanangu wote mto ukiwa umejaa."

Mzee mwenye ule mdogo akasema, "Wangu unavuja kidogo, ingawa nimeuziba kwa sandarusi, ila watu wawili wanaubeba."

Baba akaunyanyua ule mdogo. Kwetu juu, maji na kuni vinapandishwa mlima kichwani, na kitu cha maana hakilali mbali na nyumba.

"Mtani," yule mama alicheka, "mtumbwi ndio unaokubeba, siyo wewe uubebe."

"Hujapanda kilima chetu wewe," baba alimjibu, na sote tukacheka.

Askari walipokaribia tuliuteremsha mbio. Tulipokaa, maji yalifika ukingoni mwa mtumbwi, na bibi yetu alikuwa bado kasimama mchangani.

"Nendeni," alisema. "Mimi nitavushwa peke yangu, kama mke wa jumbe."

Tulicheka tena. Baba alitushusha ng'ambo, akageuza kumfuata, akakuta nyayo za viatu vya askari tu. Aliporudi peke yake, mama yangu aliendelea kuutazama mto nyuma yake, kana kwamba bibi anakuja kwa miguu.