Nyongeza ya Vitunguu vya Baray

Mama yangu huwaambia majirani pale Karatu kwamba mimi natengeneza simu. Nimechoka kumsahihisha. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtafiti wa blockchain, yaani kumbukumbu zinazotunzwa na kompyuta za watu wengi kwa pamoja. Ukishaandika kitu humo hakifutiki, hata wewe uliyekiandika huwezi. Kisha nikaacha mshahara, nikarudi nyumbani kufungua kampuni, na mama akaanza kuniombea kwa sauti.

Nilijua ninachokitaka. Nimekua nikiona walanguzi wakishuka mashamba ya Baray, bondeni kwetu, msimu wa vitunguu, wakidai lumbesa, yale magunia yanayojazwa mpaka yanaota kichwa cha pili, kwa bei ya gunia la kawaida. Inanikera mpaka leo. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: gunia linapimwa shambani kwenye mizani, uzito unaingia kwenye kumbukumbu kwa simu, na mnunuzi akilipokea mjini anapima tena. Vipimo vikilingana, mzigo unapokelewa. Nani atamdai mkulima lumbesa tena?

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye ghala Arusha, mkali wa maneno, aliyekubali kunijaribu kwa lori moja tu. Likija na kasoro, alisema, tusitafutane. Sikuwa na mnunuzi mwingine, wala akiba ya kumsubiri wa pili. Kampuni yangu yote ilikuwa ndani ya lori lile.

Siku ya kupima tulicheka sana. Kina mama wa kikundi cha wakulima wa Baray waliimba wakishona magunia, vibarua wa kutoka Singida wakapakia, lori likaondoka na vumbi lake. Nikajiona bosi.

Kesho yake mnunuzi akanipigia. "Uzito wako ni wa uongo. Hakuna hata gunia moja lililolingana."

Nikamuuliza yamepungua kiasi gani.

"Yamezidi," akasema. "Yote. Na mimi sipokei nisichokielewa. Nipe sababu kabla ya jioni, au lori linageuza."

Katika utafiti wangu nilikuwa nimewaza kila aina ya wizi. Mtu wa kujipunja mwenyewe sikuwahi kumuwaza. Niliteremka Baray kwa pikipiki, roho mkononi, nikamkuta bibi mwenyekiti wa kikundi akichambua vitunguu chini ya turubai. Nikamweleza. Hakushtuka hata kidogo.

"Tuliongeza baada ya kupima," alisema, "kabla ya kushona, wewe umeinamia simu yako. Kila gunia sado moja, kile kindoo cha kupimia sokoni. Mteja mgeni, amekubali mizani bila ubishi, aondoke bila nyongeza? Tutaonekanaje?"

"Lakini bibi, si nyie mliochoka na lumbesa?"

"Lumbesa unalazimishwa, mwanangu. Hii tumependa wenyewe."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Uzito wa mwanzo sikuweza kuubadili. Ndivyo nilivyoutengeneza mfumo, na saa ile nikaulaani ufundi wangu. Ila niliweza kuongeza mstari chini yake. Nikamuuliza bibi niandike sababu gani. Akajifuta mikono kwenye kanga, akanyoosha mgongo kama anayepigwa picha.

"Andika: wenye vitunguu tumependa wenyewe."

Nikaandika hivyohivyo. Tukakaa kusubiri, mimi nikikodolea macho simu, yeye akiendelea na vitunguu vyake. Jua lilikuwa bado juu ya mashamba simu ilipoita.

"Nimesoma," alisema mnunuzi. Sauti ilikuwa imelainika. "Miaka yote ya biashara hii, hakuna aliyewahi kuniandikia hivyo. Tumeshashusha mzigo. Wiki ijayo nileteeni lori jingine."

Nikamsimulia bibi, furaha ikinikatiza maneno. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu.

"Kumbe ni mtu mwema," alisema. "Basi safari hii tumwongezee sado mbili."