Kioo cha Mama Mkwe

Jirani yangu kinyozi hapiti jalalani bila kuinama. Boksi la viatu kwake ni kilima, kijiti cha meno ni nguzo ya uzio, na nywele tunazomwachia sakafuni huzipaka kijani zikawa nyasi. Mimi mwenyewe nimeshamwona askari wake wa kuchezea amejilaza juu ya ndevu zangu. Askari hao hawazidi urefu wa kidole. Huwapaka rangi ulimi nje, pumzi kaibana, na ukipiga chafya anakuangalia kama kaona mchawi. Kisha huwajengea kisanduku, huwagandisha miguu kwa gundi na kuwafunika kwa kioo, maana hana adui kama vumbi.

Safari hii kioo kilitoka kwenye picha ya mama mkwe, pale sebuleni.

"Mama yangu anakula vumbi, midoli yako inakaa kwenye kioo?" mkewe alifoka, nami nikasogea dirishani nisikie vizuri. "Leo hii mama arudi ndani ya kioo!"

Kinyozi huwa habishi. Alikuna kidevu tu, akaenda kukoroga gundi. Jioni alituita. Mama mkwe alikuwa amerudi ndani ya kioo kweli, kabandikwa nyuma ya kilima, anatabasamu mahali pa mbingu, na kisanduku kimezibwa pande zote.

"Umeona?" alisema, kifua mbele. "Sasa kioo wanakitumia wote."

Mkewe aliinama, akatazama, akatazama tena.

"Baba watoto, mbona bunduki zote zinamlenga mama?"

Kinyozi aligusa gundi kwa kidole. Ilikuwa imeshakauka.