Nusu Nyingine Huenda Wapi?

Siku ya kwanza nilikwenda kliniki ya wajawazito kwa sababu ya foleni. Kwenye zahanati yetu pale Nyarugusu, mama akija na mume wake wanahudumiwa mapema, na mke wangu hakuwa tayari kukaa kwenye benchi mpaka saa saba mchana wakati ana mume mzima nyumbani mwenye miguu miwili. Nikavaa shati la kanisani tukaondoka. Tulipofika nikakuta wanaume wawili tu katikati ya wanawake wengi, na mmoja wao alikuwa dereva bodaboda ninayemfahamu. Sikujua kwamba ameoa. Nilipomwuliza mkewe ni yupi, alinionyesha dada mmoja kwa kidevu, akaninong'oneza kwamba mwenye mke yuko machimboni upande wa Bulyanhulu na yeye amekodiwa asubuhi hii tu. Hakuwa ameambiwa kwamba waume hupimwa damu. Alitoka chumba cha vipimo ameshika pamba kidoleni, jasho linamtiririka, akawasha pikipiki yake bila hata kumwangalia "mkewe".

Mimi ni mtu wa kuuliza, tangu utotoni. Mama yangu alikuwa akisema ningezaliwa mbuzi ningekufa kwa kula nailoni, kwa kutaka tu kujua ina ladha gani. Kwa hiyo siku ile nilimwuliza nesi maswali mengi: kwa nini mnapima urefu wa mama, kwa nini chandarua, hivi vidonge vyekundu ni vya nini. Nesi alikuwa mama wa makamo, mpole lakini hana mchezo. Alinijibu yote, kisha akaniambia, "Baba, na wewe sasa nenda kajibu maswali yangu kwa vitendo. Tafuta mtu wa usafiri, weka akiba, andaa kanga safi, na mjue mapema mtajifungulia wapi."

Nyuma ya udadisi wangu kulikuwa na hofu. Mwaka uliotangulia mke wangu alikuwa mjamzito, na mimba ikatoka ikiwa na miezi mitano. Hatukuizungumzia. Watu wakiniuliza kama nina mtoto nilikuwa nasema bado, basi. Safari hii tulikuwa tunahesabu wiki kila mtu kimoyomoyo, tukiomba tuuvuke huo mwezi wa tano.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuchoma dhahabu. Kwa asiyejua: mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga wake unapelekwa mwaloni, kule kwenye mabwawa ya kuoshea, unaoshwa na kuchanganywa na zebaki. Zebaki inazikamata chembe za dhahabu, unakamulia kwenye kitambaa, unabaki na donge jeupe linalong'aa. Donge hilo likiwekwa motoni, zebaki inaondoka na dhahabu inabaki. Kuchoma kwenyewe si ufundi mkubwa. Watu walikuwa wananiletea mimi kwa sababu ya jiko langu, chumba cha tofali chenye mlango unaofungika na dirisha dogo. Ukichomea mwaloni kila jicho linaona umepata kiasi gani, na kabla jua halijazama una wajomba usiowajua. Kwangu palikuwa na siri. Mke wangu alikuwa anakaa humo humo ndani, mgongo ameuegemeza mlangoni, ili jirani akija kuomba moto asisukume na kuingia. Kumweka nje ingekuwa kutangaza. Mwanamke ameketi mbele ya jiko lililofungwa na moshi unatoka, nani asingeuliza?

Mwezi wa tano ukapita. Wa sita ulipofika nikavaa tena shati langu nikamfuata mke wangu kliniki. Nesi aliponiona alishangaa. "Baba, wewe ulishapima, kadi imeshajazwa. Leo umefuata nini?"

"Shikamoo mama. Nimekuja kusikia."

"Marahaba. Kusikia nini?"

"Nimeambiwa mna kifaa cha kusikia moyo wa mtoto."

Alicheka mpaka akaegemea meza. Lakini mke wangu alipokwisha kupimwa, aliniita nipige magoti kando ya kitanda, akaweka kile kijipembe juu ya tumbo na kunielekeza nibandike sikio. Mwanzoni nilisikia tumbo tu likinguruma, maana mke wangu alikuwa amekunywa uji. Halafu nikausikia, mbio mbio, kama saa ya mkononi iliyofungwa ndani ya kanga. Sikutaka kuondoka. Nilipoinuka nilimwuliza nesi mtoto anavuta hewa gani huko ndani, maana hakuna dirisha.

"Ya mama yake," alisema. "Anachokula mama, anachokunywa, anachovuta puani, kinamfikia mtoto."

Neno hilo, anachovuta puani, lilinikaa. Baadaye, kwenye somo la pamoja uwanjani, nesi aliwauliza akina mama kama kuna mwenye swali. Nikanyoosha mkono mimi. Nikasema nina rafiki yangu anachomea dhahabu jikoni kwake, na mkewe ni mjamzito. Je, ule moshi una tatizo? Wanawake wakaangua kicheko, kwa sababu huyo rafiki yangu wote walikuwa wanamjua. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa mke wa mwenye duara, yaani mwenye shimo, mteja wangu mkubwa kuliko wote. Mimba yake ilikuwa inakaribia miezi minane. Alikuwa ameinamia kadi yake.

Nesi hakucheka pia. "Huyo rafiki yako ana mzani?"

"Anao."

"Donge likiingia motoni lina uzito gani?"

"Tuseme gramu kumi."

"Na likitoka?"

"Tano. Likiwa zuri sana, sita."

"Nusu nyingine huenda wapi?"

"Inaungua, mama."

"Zebaki haiungui, baba. Inageuka moshi, na moshi ule ukipoa unarudi kuwa zebaki. Mwambie rafiki yako atafute ni wapi inapopoa."

Nilirudi nyumbani nikipiga hesabu. Miaka mitatu nimepima madonge, kabla na baada, mpaka nilikuwa naweza kukisia uzito kwa kiganja. Mimi ninayeuliza kila kitu sikuwahi kuuliza hilo hata siku moja.

Kesho yake mchana nilichukua kidonge changu mwenyewe kilichotokana na marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, nikatoka na jiko la mkaa mpaka nyuma ya shamba la mihogo. Nilikaa upande upepo unakotoka. Nikajaza maji ya baridi kwenye sahani ya bati, nikaishika kwa koleo juu ya ule moshi. Donge lilipokwisha kuwa la njano nikayamwaga maji ya sahani na kuigeuza. Chini yake kulikuwa na utando wa kijivu kama majivu laini. Nikaukusanya kwa unyoya wa kuku, na ule utando ukajikunja ukawa vitone, vitone vikakimbizana na kuungana, mpaka nikawa na tone moja linalong'aa kama jicho la samaki.

Kwanza nilifurahi. Nakiri hivyo. Nilikuwa nimeipata nusu nyingine, na hakuna furaha ninayoipenda kama ya jambo kujifunua. Nikakimbia jikoni kuona kama huko nako ipo. Nikapanda kwenye stuli, nikapitisha unyoya chini ya bati juu ya mafiga. Kijivu. Nikapitisha kwenye mwamba wa ukuta. Kijivu. Nikashuka kwenye kichanja ambapo mke wangu alikuwa anafunika vyombo vyake, na pale, kwenye kitako cha sufuria ya uji, vitone vikajikusanya mbele ya unyoya kama vilivyojikusanya kwenye sahani. Nilikaa chini jikoni, nikauangalia mlango, nikaona alama ya mafuta pale alipokuwa akiegemeza kichwa chake.

Nilimwita, nikamwonyesha. Nilitegemea atapiga kelele, na ningependa apige kelele. Alisimama mlangoni bila kuvuka kizingiti, mkono tumboni, akaangalia muda mrefu. "Mimi humo siingii tena," alisema. Tangu siku hiyo alipikia uani, kwenye sufuria aliyoazima kwa jirani.

Hazikupita siku mbili mwenye duara akaja, donge ameliweka kwenye mfuko wa koti. Ni mtu mzima, rika la baba yangu, na mara nyingi alinisaidia. Nikamwambia mzee, tukachomee mbali, nje, kwenye upepo. Akaniangalia kama nimelewa.

"Ng'wanawane, mwanangu, unataka Nyarugusu nzima ijue nimepata nini?"

Nikamweleza habari ya sahani. Akasema babu zake wamechoma na wamezaa watoto kumi na wawili. Nikamkumbusha hali ya mkewe. Hapo akakasirika kweli. "Basi nitachoma kwangu," akasema, na akaondoka. Nilibaki nimesimama uani. Nilikuwa nimeutoa moshi nyumbani kwangu na kuupeleka chumbani kwa mama mwenye mimba ya miezi minane.

Siku iliyofuata ya kliniki nilikwenda na ile sahani. Sikuwa nimeiosha, niliifunga pamoja na lile tone ndani ya mifuko miwili ya nailoni inayoonyesha ndani, nikakaza na mpira. Mke wangu alinieleza wazi kwamba nikiitoa pale, hakuna mtu atakayeniletea donge tena maishani, kwa sababu mchoma dhahabu anayesema hadharani ni sawa na mganga anayetangaza maradhi ya wateja wake. Nilijua. Nilimwuliza kama nirudi nyumbani. "Twende," alisema.

Nesi aliponiruhusu nilisimama mbele ya akina mama. Nikasema yule rafiki yangu ni mimi. Safari hii hakuna aliyecheka. Nikawaonyesha sahani, nikawaambia isifunguliwe, waangalie tu. Ikapita mkono hadi mkono, kila mmoja akiielekeza kwenye jua na kulitikisa lile tone. Ilipomfikia mke wa mwenye duara aliishika kwa mikono miwili.

"Juzi wamechomea chumbani kwangu," alisema taratibu. "Mimi nilikuwa nimelala kitandani."

Baada yake akasema mwingine, kwamba mumewe anaficha zebaki kwenye chupa ya soda chini ya kitanda. Mwingine akasema anafua nguo za mwaloni kwenye beseni la nepi. Nesi aliwasikiliza wote, kisha akasema, "Ndiyo hivyo. Mficha uchi hazai." Akawafundisha pale pale: kuchoma kuwe mbali na nyumba, mama na watoto wasikaribie, nguo za kazini zisiingie chumbani wala kufuliwa na za mtoto, chombo kilichogusa zebaki kisirudi jikoni. Yule mke wa mwenye duara, nesi alimwingiza ndani kumpima, na akamwambia aje na mume wake, mwenyewe, si wa kukodi.

Mwenye duara alikuja, lakini kabla ya kwenda zahanati alipitia kwangu kunitukana. Alinitukana vizuri, kwa Kisukuma, hakubakisha ukoo. Miezi miwili hatukusalimiana. Wateja waliniacha kama mke wangu alivyobashiri, nikaenda kusukuma magunia ya mawe kwenye karasha. Lakini mkewe alihamia kwa dada yake mpaka akajifungua, na chumbani kwake hakuchomwa tena kitu.

Siku ile ya sahani, zamu yetu ya kuingia kwa nesi ilipofika, mke wangu, ambaye kliniki nzima ilizoea kwamba mimi ndiye msemaji wake, aliuliza swali moja.

"Yule wa mwaka jana. Ni huu moshi?"

Nilitamani nesi aseme hapana. Nesi aliweka kalamu chini. "Mama, sijui," alisema. "Mimba zinatoka kwa sababu nyingi. Siwezi kukwambia ni moshi, na siwezi kukwambia siyo. Atakayekwambia anajua anakudanganya." Mke wangu akaitikia kwa kichwa, akapanda kitandani kupimwa. Mimi sikuomba kijipembe siku hiyo.

Binti yetu alizaliwa saa nne asubuhi, analia kwa sauti ya kuuza maandazi. Nilimwuliza nesi kama yuko sawa. Alisema anaonekana mzima, ila mambo mengine huonekana mtoto anavyokua, kwa hiyo tusikose kliniki hata mwezi mmoja, tuangalie anavyokaza shingo, anavyofuata kitu kwa macho, anavyogeukia sauti. Naangalia mpaka leo. Anageuka.

Wiki ya pili mama mkwe alifika kutoka Bukombe na kuku wawili na unga wa uji. Alimpakata mjukuu, akamgeuza huku na huku, akamshukuru Mungu kwa kumpa binti yake uzao wa kwanza.

"Ni wa pili, mama," mke wangu alisema.

Mama mkwe akanigeukia, kana kwamba mimi nitamrekebisha. Nilikuwa sijawahi kumhesabu yule mtoto mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya mama yake.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Huyu ni wa pili."