Drama ya TV ya haki za mashoga ilivyonifuata hadi mazishini Waithaka

Wakuu, amani kwenu nyote, wazee na vijana wa jukwaa hili.

Mimi ni mzee wa kanisa huku Waithaka. Nitakayosema hapa niliyaona na kuyasikia mwenyewe, kwa macho na masikio ambayo Mungu bado ameniachia. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu wenyewe wako hai na tunasalimiana.

Niko cyber hapa Kawangware na keyboard yenyewe herufi zimefutika. Mtanivumilia.

Ilianza na DVD.

Binti yangu Wanjiku anafanya kazi mjini. Anajua napenda hadithi za mahakama na za watu wanaopigania haki. Jioni moja akaniletea drama ya televisheni ya ng'ambo, ya vipindi kadhaa, aliyonunua kwa wauza DVD wa Moi Avenue. Kwenye kava kulikuwa na watu wanaandamana na mabango, na wakili amevaa joho. Muuzaji alimwambia, "Hii ni ya human rights, siste. Buda wako ataipenda."

Sasa, nyumbani kwetu hakuna kinachoanza bila maombi. Chai tunaiombea, safari tunaiombea, hata taarifa ya habari tunaiombea, na siku hizi ndiyo inahitaji zaidi.

Nikafunga macho. Nikamshukuru Mungu kwa wote waliowahi kupigania haki duniani, nikamwomba abariki kile tutakachotazama. Mke wangu, Mama Wanjiku, akasema amina kwa sauti kubwa.

Kufika katikati ya kipindi cha kwanza ndipo tukaelewa. Waliokuwa wakiandamana ni wanaume wanaopenda wanaume wenzao. Mwalimu mmoja amefutwa kazi kwa sababu anaishi na mwenzake, na sasa wamekwenda kortini.

Nikainuka kuzima.

"Keti, Baba Wanjiku," mke wangu akasema.

"Huoni hii ni nini?"

"Naona. Lakini umeshaiombea. Tangu lini tukaombea chakula halafu tukakimwaga?"

Wakuu, nimefundisha Biblia miaka mingi na sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo. Nikaketi.

Tuliitazama kidogo kidogo, jioni baada ya jioni. Sitawadanganya kwamba nilifurahia yote. Kuna mahali niliangalia dari.

Lakini kuna mahali yule mwalimu anaugua, anakufa kabla kesi haijaamuliwa. Ndugu zake wanakuja wanachukua mwili. Yule mwenzake anazuiwa kwenye lango la makaburi, anabaki nje na koti lake, anatazama kwa mbali.

Mama Wanjiku akaacha kufuma.

"Huyo si ndiye alikuwa akimlisha uji kwa kijiko?" akasema. "Sasa amesimama pale kama dereva wa teksi anayengoja wateja."

Akaokota uzi wake, akaendelea kufuma.

Mvua za masika hazikuwa zimeisha, Njoroge akafa.

Njoroge alikuwa mwalimu wa kwaya yetu, mtu mpole sana. Alikuwa amepanga nyumba mtaa wa Satellite na rafiki yake Wafula, fundi wa rangi kutoka upande wa Bungoma. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi. Watu walisema wanashare rent, nasi tukakubali hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kwetu. Hakuna aliyeuliza, na hakuna ambaye hakujua.

Alipougua, Wafula ndiye aliyemwogesha. Sisi wazee wa kanisa tulipokwenda kumwona tulimkuta anafua mashuka. Alikuwa ameacha kazi ya kupaka rangi nyumba za watu kule Muthangari ili mgonjwa asibaki peke yake.

Kamati ya mazishi ilikutana mjini, ghorofani katika hoteli moja karibu na River Road, watu wakitoka kazini.

Mnajua mazishi yetu. Kaburi likishafunikwa, MC huita watu kwa makundi waje kuweka maua: mzazi, ndugu, wajomba, kanisa, majirani. Usipokuwa na kundi, huna njia ya kufika pale mbele. Na MC nilichaguliwa mimi.

Nikauliza, "Na Wafula tutamwita na kina nani?"

Ukasikia vijiko tu kwenye vikombe.

Kamau, ndugu ya marehemu, akasema, "Huyo haitwi."

"Si apite na majirani?" mtu mmoja akajaribu.

"Nimesema haitwi. Mzee, nakuheshimu kama baba yangu. Lakini ukimwita huyo mtu mbele ya wajomba zangu, mimi nakunyang'anya maiki."

Mama yao alikuwa ameketi pembeni na leso mkononi. Hakuinua macho.

Nilipoteremka nikamkuta Wafula barabarani, mbele ya mlango wa hoteli. Hakuwa amealikwa. Alikuja tu kusikia mazishi yatakuwa siku gani, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nikamwambia siku. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, mzee. Mimi sitaki vurugu. Nitasimama tu kwa barabara, nje ya ua."

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani.

Msinielewe vibaya. Sikutoka kwenye ile DVD na mafundisho mapya. Kuna maswali ambayo bado namwachia Mungu, na sioni haya kusema hivyo. Lakini nilipoomba nilikumbuka kwamba aliyekwenda kuomba mwili wa Bwana wetu ili auzike hakuwa wa ukoo wake. Alikuja tu, akaomba, akapewa.

Siku ya mazishi ikafika. Tulimzika kwenye shamba lao hapa Waithaka. Wafula alikuwa pale pale alikosema, nje ya ua wa miba ya kayaba, amevaa suti ambayo kwapani ilikuwa imembana.

Nikamwita mama mzazi. Nikawaita ndugu, wajomba, kanisa, majirani. Kamau hakuniondolea macho.

Nikasema, "Sasa aje yule aliyemuuguza marehemu."

Watu wakageuka. Kamau akanifikia, akanyoosha mkono achukue maiki. Nikaishusha, nikamwambia polepole, "Kamau mwanangu, kama ni wewe uliyemuuguza, chukua shada uende."

Mkono ukabaki hewani. Halafu ukashuka.

Lakini Wafula hakusogea. Nikamwita tena, safari hii kwa jina. Akatazama viatu vyake.

Hapo mama akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, kama mwanamke anayemwita mwanawe kula:

"Wafula! Uitwe mara ngapi? Ingia!"

Akaingia. Hakuwa na shada, kwa sababu hakutarajia. Yule mama akainuka, akaliondoa lake juu ya kaburi, akampa aliweke yeye. Wakaliweka, wakasimama pale wawili. Kwaya ikaanza kuimba bila mimi kuwaambia, na tenor walikosea, kwa sababu aliyewaongoza hakuwepo.

Kamau alikwenda akaketi ndani ya gari. Mpaka leo ananisalimu kwa kichwa tu. Ninamwombea, na najua ipo siku.

Nilichojifunza ni kidogo, wakuu. Nilidhani drama ile inazungumza habari za watu wa mbali, wenye mabango na mawakili. Kumbe haki nyingine haihitaji wakili, inahitaji tu mtu mwenye maiki aseme lililo kweli. Nimemshukuru Mungu kwamba siku ile hakuninyima sauti.

Najua wengi hapa mtanipinga, na ni sawa, mimi ni mzee, nimezoea kupingwa hata nyumbani. Andikeni, nitasoma yote nikirudi cyber.

Ila wewe unayekuja na mawe, nijibu hili kwanza: maiki ingekuwa mkononi mwako, na Wafula yuko pale nje ya ua, wewe ungemwita kama nani?