Mkoba wa Mpiga Picha

Juzi, katika duka moja mjini Kisii, nilishika kamera ya wanaoanza, ile ya kubadilisha lenzi, nikairudisha, nikaishika tena. Muuzaji aliuliza nitapiga picha za nani. Nikasema za familia.

Nilikumbuka mazishi ya babu kule Nyakoe. Udongo mbichi ulinukia pamoja na moshi wa jikoni. Mpiga picha aliita familia za wana wa marehemu, moja baada ya nyingine, zisimame nyuma ya jeneza. Zamu yetu ilipofika nilikimbia mbele, lakini shangazi akanishika ukosi.

"Wewe mama yako aliolewa hapa akiwa amekubeba mgongoni," alisema. "Mshikie huyu mpiga picha mkoba wake."

Nilidhani nimepewa kazi ya heshima. Niliukumbatia mkoba, nikawaringia binamu zangu, nao wakacheka sana. Leo najua walichokicheka. Mama, pale mstarini, aliinamisha kichwa. Nikafikiri anamlilia babu.

Mpiga picha aliuliza kama kuna anayekosekana. Baba, yule niliyemwita baba tangu nijue kusema, alinitazama.

"Piga tu," akasema. "Tumetimia."