Aliyepamba Sebule ya Mama

Mtandaoni nina akaunti mbili. Ya kwanza ina picha za kazi zangu, vyumba nilivyopamba hapa Tabora kwa miaka kumi na ushee. Ya pili ina picha ya ua jekundu na jina lisilo la mtu yeyote, na kazi yake ni moja tu: kumchungulia dada mmoja mpambaji aliyehamia hapa mjini kutoka Dar es Salaam. Sisemi hili kwa kujisifu. Nalisema mapema ili ijulikane kuwa anayeandika hapa ana kijicho, na kijicho chenyewe amekilea kwa mikono yake miwili.

Kazi za yule dada ukiona moja umeziona zote. Kuta za kijivu, makochi ya kijivu, zulia la kijivu lenye manyoya, dari ya jipsamu yenye ngazi ngazi, na ndani ya ngazi hizo taa za mkanda zinazobadilika rangi kama chumba kina homa. Nyuma ya televisheni anabandika karatasi ya kuigiza marumaru. Nikiiona picha nasonya, halafu naihifadhi. Kisha nasoma maoni ya watu, yote, mpaka ya wale wa Urambo wanaouliza kama anafika na huko. Kwangu mimi wanaouliza ni wachache, na wengi wao ni wageni wa miradi wanaotaka kitu cha asili.

Mitindo nimeiona ikija na kuondoka. Nilianza kazi wakati makochi yote ya mji huu ni ya rangi ya damu ya mzee. Yakaja mapazia ya rangi ya dhahabu, marefu mpaka yakalala sakafuni yakifagia vumbi. Yakaja maua ya plastiki ndani ya mitungi mirefu kama watoto wa shule. Sasa ni kijivu, rangi ya nyumba ambayo fundi ameikimbia kabla ya kuipaka.

Mimi nilichagua njia nyingine. Mwanga nilijifunzia Usoke, ndani ya bani bovu la kukaushia tumbaku, jua lilipopenya kwenye matundu ya paa na kuchora michirizi ukutani. Sakafu nilijifunzia Kipalapala, kwenye veranda moja ya saruji nyekundu iliyosuguliwa miaka na miaka hadi ikawa na ubaridi hata Oktoba. Na Sikonge ndiko nilikokutana na kitu kilichonipa jina: kilindo, lile pipa la gome la mti ambalo watu wa zamani walihifadhia nafaka na asali. Nakitoboa vijitundu, natia balbu ndani, nakining'iniza darini. Usiku chumba kizima kinapata rangi ya asali. Nyumba za wageni tatu hapa mjini zina taa zangu, na sijaona mtu aliyeingia akakosa kuinua macho.

Lakini kipya kinyemi. Mji huu tangu enzi za misafara umependa kitu kilichotoka pwani. Wapagazi walileta shanga na vitambaa vya kaniki, wakabeba pembe kwenda zao, na mtu aliyekuwa na sahani moja ya kaure aliiweka mahali ambapo kila apitaye ataiona. Yule dada naye ni msafara tu, kashuka stesheni na katoni zake za taa za mkanda. Nilikuwa nikiwaambia hivyo marafiki zangu, wakacheka, nami nikajisikia nafuu kwa nusu saa.

Haya yote ningeyavumilia. Ningemwachia nyumba za wafanyabiashara, kumbi za harusi, hata ile saluni mpya ya karibu na soko. Nilitaka sebule moja tu, ya mama.

Mama alizaliwa kijijini upande wa Sikonge, akaolewa mjini na marehemu baba, fundi cherehani. Sebule yake ilikuwa ileile tangu utoto wetu: makochi yenye vitambaa vya kufuma kila mahali pa kuegemea, kabati la vyombo visivyonywewa chai, kalenda za miaka iliyokwisha kwa sababu picha zake ni nzuri. Nilikuwa na mchoro wake kichwani kwa miaka. Sakafu nyekundu, viti vya mninga, majamvi, na katikati kilindo kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Kila nikigusia, mama alisema, "Tutaona, mwanangu." Nikasubiri. Nilijua siku itafika, maana mdogo wangu wa mwisho alikuwa ameshapata mchumba, na nyumba haipokei posa ikiwa na kalenda za zamani.

Posa ikapangwa. Watu wa Nzega walikuwa wanakuja, na wanawake wao, ambao kazi yao siku kama hiyo ni kukagua kila kona huku wakijifanya wanasifia chai. Nikampigia mama simu kumwambia nitakuja kupima chumba.

"Usihangaike," akasema. "Nimeshapata mtu."

Sikuuliza ni nani. Nilifungua akaunti ya ua jekundu. Sebule ya mama ilikuwa pale, tupu, kuta zimekwanguliwa, na chini yake watu wameshaandika kwamba wanasubiri kwa hamu kuona mwisho wake.

Nilikwenda kesho yake. Yule dada alikuwa juu ya ngazi akiwaelekeza mafundi wake wa dari. Akashuka, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, dada." Mimi na yeye tunapishana miaka minne, mitano kwa kuzidisha. Nikaitikia marahaba kwa sababu nilifunzwa adabu, lakini niliitikia kama mtu anayemeza mwiba wa samaki. Mama akatoka uani na sinia la vikombe. Alikuwa amempikia vitumbua.

Siku ya posa sebule ilikuwa ya kijivu, dari ina ngazi, na taa zilikuwa za zambarau. Wanawake wa Nzega waliingia na mara wakaanza. Mashaallah, mashaallah. Mmoja alipapasa ile marumaru ya karatasi akidhani ni jiwe. Shangazi yake bwana harusi, mama mmoja mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akauliza, "Lakini sisi tulisikia binti yako mkubwa ndiye mpambaji. Hii ni kazi yake?"

Watu wote wakanigeukia. Mama hakusita hata kidogo. "Huyu ana kazi za mahoteli," akasema. "Nyumba kama hizi zetu hapati nafasi."

Alinisitiri. Nilitamani angeniaibisha, maana aibu ningeweza kuikasirikia.

Wageni walipoondoka nilimfuata jikoni, akiwa anamwaga mabaki ya pilau kwenye bakuli. Nilimwambia yote. Kwamba nimemsubiri miaka. Kwamba mtu baki amepewa nyumba nilimozaliwa. Kwamba nilitaka kumtengenezea taa ambayo hakuna mwingine mjini angekuwa nayo.

"Ya kilindo," akasema.

"Ndiyo, mama, ya kilindo."

Akalifunika bakuli kwanza. "Mimi nilikuwa naingiza kichwa ndani ya hicho kitu. Kilikuwa kirefu kunishinda, nilipanda juu ya kinu. Mwaka wa njaa nilikuwa natumwa kila asubuhi nikaangalie mtama umebaki kiasi gani. Baadaye nilikuwa natumwa nikaangalie kama upo. Kuna giza mle ndani na kuna harufu. Sasa wewe umeweka balbu, umening'iniza, watu wanapiga picha. Sikukatazi, ni kazi yako. Ila mimi sitaki kukaa chini yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Wewe ukiingia humu unaangalia ukuta. Yeye alikaa kwenye kochi akaniuliza, mama, unataka chumba cha namna gani? Nikamwambia nataka chumba ambacho hakinikumbushi kitu. Akauliza kwa nini. Nikamweleza."

"Ulimweleza habari ya njaa? Yeye?"

"Aliniuliza, nikamjibu," mama akasema, akachukua kitambaa akaanza kukausha vikombe.

Najua mtu mwema angefanya nini hapo. Angelia, angemkumbatia mama yake, angemsamehe yule dada na kijivu chake. Mimi nilisimama jikoni nikiungua. Dari yule dada angeichukua. Makochi angeyachukua, na watu wa Nzega, na maoni yote ya mtandaoni. Lakini kwa zaidi ya miaka hamsini mama yangu alikuwa na mtoto mdogo ndani yake, amepanda juu ya kinu akichungulia gizani, na mtu wa kwanza kuonyeshwa mtoto huyo alikuwa mpita njia mwenye futi ya kupimia.

Ijumaa iliyofuata nilipita pale mchana. Sikubisha hodi, mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amelala kwenye kochi la kijivu, miguu juu, mdomo wazi, mtandio umemteleza. Maishani mwangu sijawahi kumwona mama akilala mchana. Hata alipokuwa mgonjwa alikaa kwenye kigoda uani akichambua mchele. Taa za mkanda zilikuwa zinawaka bure, bluu, kijani, bluu. Chumba kilikuwa kibaya kuliko kwenye picha, na mama alikuwa anakoroma ndani yake.

Nilikaa chini kwenye lile zulia la manyoya kumsubiri aamke. Nilitaka kumuuliza ile njaa ilikuwa ya mwaka gani, na ni nani aliyekuwa akimtuma, na ile asubuhi alipokuta hakuna kitu alirudi kusema nini. Yule dada bila shaka anajua.